Mwanangu, kuhusu Warumi na zile funguo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata. Unauliza: kamji kadogo kando ya mto Tiber kaliwezaje kuimeza Italia yote, kisha nchi zote zinazoizunguka Mediterania? Ni jeshi, au ni bahati tu? Nimetembea na swali hilo siku mbili. Mama yako ananicheka, anasema niliacha chaki zamani lakini chaki haijaniacha mimi.

Jeshi walikuwa nalo. Lakini walichapwa, mama! Pyrrhus, mfalme kutoka Ugiriki, aliwachapa mwaka 280 KK, akarudia mwaka uliofuata. Hannibal, jemadari wa Carthage, mji hasimu wa Roma kule Afrika Kaskazini, aliwazingira Cannae, kusini mwa Italia, mwaka 216 KK, na mwanahistoria Mgiriki Polybius anahesabu wafu kama 70,000 kwa siku moja. Mwingine angeomba amani kabla jua halijazama. Wao wakakusanya vijana wengine. Ndipo nimeligeuza swali lako kidogo, unisamehe: hao vijana wengine walitoka wapi, na kwa nini walikubali kuja?

Wengi walitoka kwa walioshindwa. Mwaka 338 KK Roma ilipomaliza vita na majirani zake Walatini, iliuvunja umoja wao, kisha ikazungumza na kila mji peke yake. Huyu akapewa uraia kamili, yule uraia usio na kura, mwingine mkataba tu. Antium, mji wa pwani, walinyang'anywa merikebu za kivita, na pua za shaba za merikebu hizo zikapamba jukwaa la wasemaji pale Roma. Lakini kodi? Wenye mikataba hawakutozwa. Baraza lenu, miungu yenu, sheria zenu, endeleeni nazo. Ila tukiita, leteni vijana. Polybius tena anasema kufikia mwaka 225 KK, Roma na washirika wake walikuwa na watu zaidi ya 700,000 wanaoweza kushika silaha kwa miguu, na 70,000 wa farasi. Hannibal angeua mpaka lini?

Nimekwambia tangu ukiwa darasa la tano: mshindi wa kuogopwa ni yule anayekuachia funguo zako.

Fuso yetu unaikumbuka, ulikuwa ukiiosha magurudumu kila Jumamosi. Usilojua ni kwamba mwanzo haikuwa na mstari wa kijani. Yule tajiri wa malori pale Makambako, jina lake unalijua, sitaliandika, alishusha nauli ya mzigo msimu mzima, gunia la mahindi hadi Dar kwa bei ambayo hata dizeli hairudi. Yeye ana magari kumi na moja, mimi moja. Rejesho la benki likanishinda. Jioni moja akaja nyumbani, akala maandazi ya mama yako akayasifu, akamuuliza utingo wangu hali ya mke wake, tena kwa jina. Nikaweka funguo mezani, nikamwambia nunua, yaishe. Akazisukuma kwa kidole kimoja mpaka zikagusa kikombe changu. "Mwalimu, gari ni lako. Sitaki hata shilingi. Ila nikiwa na mzigo nikakuita, uje."

Wiki iliyofuata nikamtafuta fundi wa rangi. Hakuniambia nipake mstari wa kijani wa malori yake. Nilipaka mwenyewe.

Hannibal alilijua fundo hilo. Mateka Waitalia alikuwa akiwaachia bila fidia, akiwaambia amekuja kupigana na Roma kwa ajili yao. Capua, mji mkubwa wa washirika wa Roma, wakamwamini, wakahama. Makoloni ya Walatini, miji iliyoanzishwa na Roma yenyewe, hayakuhama hata moja. Nilipokuwa nafundisha niliwaona wapumbavu. Kisha nami nikapata Hannibal wangu, mfanyabiashara wa Mbeya aliyeniahidi nauli nzuri zaidi, na nikamkatalia. Kwa sababu gari lilipopinduka Kitonga, mwenye mstari ndiye aliyetuma gari la kuvuta usiku uleule. Wa Mbeya angetuma nini? Salamu za pole, labda.

Lakini ngoja, nisije nikawapaka asali. Mwaka 146 KK waliiteketeza Carthage, na waliosalia wakauzwa utumwani. Mwaka uleule wakaibomoa Corinth, kule Ugiriki. Kwa hiyo mezani walikaribishwa wale tu waliohitajiwa. Na hata hao! Waitalia walipigana vita vya Roma vizazi na vizazi, nusu ya jeshi au zaidi ni watoto wao, kisha wakaomba uraia. Wakakataliwa. Drusus, mwanasiasa wa Roma aliyewatetea, akauawa mwaka 91 KK, nao wakaasi. Walipiga hata sarafu yao wenyewe: fahali wa Italia anamtoboa kwa pembe mbwa mwitu wa Roma. Roma ilipigana nao kwa hasira, ndiyo, lakini mwaka 90 KK ikaanza kuwapa uraia uleule ilioukataa. Watu wakawa wamekufa kwa kitu kilichohitaji wino tu.

Mimi pia niliomba. Mwaka wa tisa wa mstari wa kijani nilimwomba aniingize kwenye kampuni, hisa kidogo tu, hata ya jina. Akacheka. Wala si kwa dharau, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: alicheka kama mtu aliyesikia mzaha mzuri, akaniagizia soda. Sikuchora fahali wowote. Nilimaliza soda, na mwezi uliofuata nikauza Fuso.

Mama yako anasema nilionewa, na kwamba angekuwa yeye angeondoka na mzigo wa siku ile. Sijui. Ada yako ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye mizigo yake, senti kwa senti. Nikimwita mwizi, wewe nikuite nini? Lakini bila zile nauli alizozishusha, pengine ningekuwa na magari matatu na ada ningelipa bila kumshukuru mtu. Nina neno mdomoni kuhusu yule bwana, ila nimeahidi kutolisema mbele ya watoto wangu, na wewe ni mtoto bado.

Funguo za akiba za Fuso ninazo, zimo kwenye lile kopo la Blue Band juu ya kabati. Mnunuzi hakuziulizia. Mama yako anataka kuzitupa kila akifagia.

Baba yako