Tiketi ya chama haitoshi

Je, akishapitishwa na mkutano mkuu wa chama, mtu tayari ni mgombea urais? La, kupitishwa huko hakumfanyi mgombea moja kwa moja. Ibara ya 137 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yataka apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, na kaunti hizo zizidi nusu, yaani angalau 24 kati ya 47. Tena wanaotia sahihi za kumpendekeza sharti wawe wanachama wa chama hicho. Wanaomtilia sahihi mgombea huru sharti wawe wasio na chama. Ndiyo maana vyama vinahangaikia wanachama mapema kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Huku Lamu, uwanja wa Mkunguni mjini pekee hautoshi, utapanda boti hadi Faza na Kizingitini, kila sahihi na namba yake ya kitambulisho.