Moyao yangu imefanya chengachenga na makopo mengine yananuka, shida iko wapi?

SWALI: Habari daktari. Niko Busia upande wetu wa Uganda, natengeneza mafuta ya ngozi na nywele nauzia masaluni. Nanunua moyao (mafuta ya shea) kwa jerikani kutoka Lira, nayeyusha, naweka mafuta ya simsim, nyonyo kidogo na alovera mbichi niliyosaga kwa blenda, halafu napiga na mashine ya keki mpaka inafura. Mwanzoni ilikuwa poa. Saa hii ikikaa wiki mbili hivi naona chengachenga kama semolina, makopo mengine yamebadilika harufu na moja limetoa vidoadoa vyeusi juu. Kuna mtu ameniambia niongeze vitamini E haitaharibika tena, ni kweli? Pia nikituma Kampala kwa basi inafika imekuwa maji. Na wateja wananiuliza kama inakuza nywele, niwaambie nini?

JIBU: Salama dada, pole na hasara. Hapo uko na shida tatu tofauti ndani ya kopo moja, na ukizichanganya unaishia kutupa mafuta mazima na kuuza yaliyooza. Chengachenga ni kitu kingine, harufu kitu kingine, vidoadoa vyeusi kitu kingine kabisa. Mimi kazi yangu ni famasia na hizi krimu na losheni ndizo nashinda nazo, kwa hiyo nitakujibu kirefu kidogo, vumilia.

Chengachenga kwanza, maana ndizo zinatisha na ndizo hazina ubaya wowote. Moyao ni mchanganyiko wa mafuta mengi, mengine yanaganda haraka mengine yanachelewa. Zile zilizo na asidi ya steariki ndizo ngumu, zenye asidi ya oleiki ni laini. Moyao yetu ya kaskazini, hii ya Lira, Otuke, Agago, Pader mpaka West Nile, mti wake ni ndugu wa karibu wa ule wa Ghana na Burkina Faso lakini hii yetu ni aina ya nilotica, oleiki yake iko juu, kama asilimia 55 mpaka 60, na steariki inacheza kwa 30 hivi, wakati ile ya Afrika Magharibi steariki inaweza kupita 40. Ndiyo maana yetu ni laini, unaipaka inaingia bila kusugua sana, na ndiyo maana pia inakusumbua kwa basi. Sasa ukiyeyusha halafu ukaiacha mezani ipoe pole pole, zile ngumu zinaganda kwanza, zinashikana zenyewe kwa zenyewe zinafanya chembe kubwa, na zile laini zinabaki majimaji katikati. Hata kama uliipooza vizuri, kopo likikaa dukani karibu na dirisha, mchana linayeyuka nusu, usiku linaganda tena, kesho hivyo hivyo, kila siku chembe zinanenepa. Ukiiweka mkononi zinayeyuka na ngozi inapata kila kitu, ila mteja anadhani umeweka mchanga.

Dawa yake ni rahisi. Sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, usiweke moyao moja kwa moja juu ya sigiri. Yeyusha mpaka iwe ang'avu kabisa uone chini ya sufuria, kisha ISHIKILIE hapo kama dakika 20 kwenye joto la nyuzi 70 mpaka 75, usitoe mara tu inapoyeyuka kwa sababu zile chembe ndogo ambazo macho hayaoni ndizo zinageuka mbegu ya chembe mpya. Nunua kipimajoto cha jikoni, si ghali. Baada ya hapo ipooze haraka: beseni la maji baridi na barafu, unakoroga bila kuacha, unakwangua pembeni, ikianza kuwa nzito kama uji unatia kwenye makopo na makopo yanaenda friji mpaka yashike. Hayo makopo yako yenye chenga tu, yasiyo na harufu na yasiyo na alovera, yeyusha upya hivyo, hakuna ulichopoteza.

Sasa vidoadoa vyeusi. Hiyo ni fangasi, na aliyeileta ni alovera yako. Najua watu wanaipenda, kila saluni inataka kusikia alovera, lakini utomvu wa alovera karibu asilimia 98 au 99 ni maji, na umeusaga mbichi pamoja na ganda na sukari zake ukauficha ndani ya mafuta. Bakteria na fangasi hawawezi kukua kwenye mafuta makavu, wanataka maji. Mafuta matupu yanaweza kukaa miezi mingi bila kihifadhi chochote, lakini siku umetia vijiko viwili vya maji umebadilisha bidhaa, sasa umetengeneza krimu bila kuweka vitu ambavyo krimu inahitaji. Na hayo maji hayajachanganyika kweli, yametawanyika tu matone matone kwa sababu hukuweka kitu cha kushikanisha maji na mafuta, mashine ya keki haishikanishi, inapiga hewa tu. Kila tone ni nyumba ya fangasi. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba doa jeusi unaliona wewe, lakini bakteria wanaweza kuwa wamejaa kopo lingine ambalo linaonekana safi, na mteja anapaka hiyo kwa kichwa kilichokwanguliwa na kitana baada ya kusuka. Kwa hiyo makopo YOTE ya hiyo mara uliyotia alovera, hata yasiyo na doa, yatoe sokoni. Najua inauma.

Kama lazima alovera iwepo, njia ni mbili. Moja, mwambie mwenye saluni apake alovera peke yake kwa nywele, ya siku hiyo hiyo, halafu juu yake moyao. Hiyo hata ni bora, kwa sababu mafuta hayaongezi maji kwenye nywele wala ngozi, yanafunga tu maji yaliyoko yasitoke, ndiyo maana ukipaka moyao kwa ngozi kavu ya mchana unang'aa na bado unahisi kukauka, lakini ukitoka kuoga ukapaka ngozi ikiwa na unyevu unyevu unakaa laini mpaka jioni. Njia ya pili ni utengeneze krimu ya kweli: maji yaliyochemshwa, emalsifaya (kile kitu cha kushikanisha maji na mafuta), na kihifadhi kama fenoksiethanoli kisichozidi asilimia 1 ya uzito wote, na upime kwa mzani wa gramu, si kwa kijiko. Hiyo ni kazi nyingine, usiianze kwa kubahatisha.

Na maji hayaingii kwa alovera peke yake. Moyao ya kienyeji yenyewe, ile wamama wanakaanga, wanatwanga, wanasaga, wanakoroga na maji kisha wanachemsha mpaka mafuta yapande juu, mara nyingi inabaki na maji kidogo chini ya jerikani. Jaribu hivi kabla hujalipa: chota kijiko kikavu cha chuma kutoka CHINI ya jerikani, si juu, kishike juu ya moto mdogo. Ikiyeyuka kimya ni kavu. Ikianza kupasuka pasuka na kuruka kama unakaanga samaki mbichi, kuna maji. Hiyo irudishe kwa moto wa taratibu mpaka iache kulia, ichuje kwa kitambaa safi cha pamba, ndipo uitumie. Mteja naye anachovya vidole vimelowa bafuni, hilo huwezi kulizuia, labda uuze kopo dogo la gramu 50 liishe mapema.

Harufu. Hapa tofautisha. Moyao iliyokaangwa iko na harufu ya moshi na njugu, tena nzito, wengine hawaipendi, lakini hiyo ndiyo harufu yake tangu siku ya kwanza. Iliyoharibika inanuka ukali wa simsim ya zamani iliyosahaulika kwa kabati, au kama rangi ya mafuta ya kupaka mlango, na inachoma puani. Hiyo ni hewa, mwanga na joto vimeyala mafuta. Nashuku sana mafuta yako ya simsim kuliko moyao. Simsim iko na asidi ya linoleiki nyingi, asilimia 40 na kitu, na linoleiki inaharibika haraka kuliko oleiki. Simsim ina kinga yake ya asili kwa hiyo ikiwa mpya inajitahidi, ila kama unanunua ile inayopimwa kutoka ndoo iliyo wazi juani sokoni, tayari safari ya kuharibika imeanza kabla hujafika nyumbani. Halafu wewe unapiga hewa ndani na mashine, yaani unaiongezea kasi. Nunua kidogo kidogo, chupa ya giza, mfuniko uliokaza. Na usiongeze mafuta mapya juu ya yale ya zamani kwenye jerikani moja, watu wanafanya sana hii, yale ya zamani yanaambukiza mapya.

Vitamini E basi. Aliyekuambia amesema nusu. Vitamini E inapunguza kasi ya mafuta kuchacha, haiui fangasi wala bakteria, kwa hiyo kwa vidoadoa vyako ingekuwa bure. Na kuna mtego: geuza kopo usome. Kama imeandikwa tokoferoli, hiyo inafanya kazi ya kulinda mafuta. Kama ni tokoferoli asetati, hiyo imefungwa kikemikali isiharibike dukani, ngozi inaweza kuifungua kidogo kidogo lakini ndani ya kopo lako la mafuta haikulindi chochote. Vidonge vingi vile vya kutoboa na sindano ni asetati, tena vimejazwa mafuta ya soya. Watu wanatoboa vidonge 20 wanaona wamefanya maajabu. Tokoferoli yenyewe nusu gramu kwa kila gramu 100 inatosha, na itiwe mafuta yakiwa mapya, yakishanuka hairudishi kitu nyuma.

Kuhusu basi la Kampala: moyao yetu inalainika na kuyeyuka kwenye joto la mchana tu, na ukiipiga hewa ikayeyuka njiani hewa inatoka, kopo linafika nusu, mteja anasema umempunja. Mimi ningeacha kabisa hiyo ya kufura na nitengeneze ya kushika kwa nta ya nyuki. Kwa gramu 100: moyao 70, simsim 15, nta 8, nyonyo 6.5, tokoferoli 0.5. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 kwa hiyo anza nayo pamoja na simsim, ikiisha kuyeyuka tia moyao na nyonyo, fanya ile ya dakika 20 niliyokuambia, tokoferoli mwisho mafuta yakishapungua moto, kisha pooza haraka. Ukiona ni ngumu sana kwa nywele punguza nta mpaka 6, hizo gramu 2 zirudi kwa moyao. Nta nunua kwa mfugaji wa nyuki unayemjua, kuna watu sokoni wanachanganya na mishumaa.

Bei ya moyao ikikupanda usimlaumu mwenye jerikani peke yake. Mti unachukua miaka 15 au 20 kuzaa vizuri na miti mingi imekatwa makaa, mpaka mwaka 2023 rais akatoa amri ya kuzuia biashara ya makaa huko kaskazini. Nunua akiba msimu wa kokwa mpya, matunda yanaiva kati ya mwezi wa 4 na wa 8, na hifadhi gizani.

Kukuza nywele. Waambie ukweli, haikuzi. Nywele inakua kutoka kwenye mzizi ndani ya ngozi, kama sentimita 1 kwa mwezi, na hakuna ushahidi wa maana kwamba nyonyo au moyao inaongeza hiyo kasi. Kinachofanyika ni kwamba nywele iliyopakwa haivunjiki ovyo, kwa hiyo ile iliyokua inabaki, na mtu anaona zimerefuka. Hilo ni la kweli na unaweza kuliuza bila aibu. Kama unataka mafuta yanayoingia ndani ya unywele wenyewe, nazi ndiyo iko na majaribio, kuna utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha nazi, alizeti na mafuta ya madini, ni nazi peke yake iliyopunguza protini kupotea wakati wa kuosha. Nyonyo ni nzito sana, ikizidi nywele zinashikana mafundo, kwa hiyo ile 6.5 usiipandishe. Na mteja ambaye nywele za mbele zinaisha, mwangalie anavyosukwa kabla hujamuuzia kopo, kama kichwa kinabanwa mpaka macho yanavutika hakuna mafuta yatakayomsaidia, afungue hizo rasta apumzike.

Mwenye mba nyingi yenye mafuta na ngozi inayomenyeka, huyo usimuuzie. Kile kiyeasti, yaani fangasi mdogo, kinacholeta mba kinakula asidi za mafuta, na mafuta mengi ya mimea ni chakula chake, unaweza kupaka ukaona imetulia siku mbili kwa sababu magamba yamelowa halafu inarudi na nguvu. Mwambie aende famasi anunue shampuu ya ketokonazoli, akipona arudi kwako. Mwenye mtoto mchanga naye asipake chochote chenye simsim kabla ya kujaribu kidogo ndani ya mkono na kungoja siku nzima, simsim inawakataa watu wengine.

Yale makopo yaliyochacha tu bila alovera, kama unajua kupika sabuni yapike sabuni ya kufulia. Yenye alovera choma au zika, usimpe hata jirani. Na kuanzia jerikani inayokuja andika kwa kila kopo tarehe uliyotengeneza na namba ya jerikani, daftari la shilingi elfu moja linatosha, ili siku kopo moja likinuka ujue mengine yako saluni gani.