Dakika 52 haziingii: santuri ya kwanza ya kundi la Tanga

Swali: Sisi ni vijana wanne wa Ngamiani, Tanga. Tunatengeneza muziki chumbani, midundo ya baikoko tunaichanganya na ya kompyuta. Ni andagraundi kabisa, hatuna lebo wala meneja. Tuna nyimbo nane, jumla dakika 52, na mashabiki wa hapa na wa Ulaya wanatuomba santuri. Tunataka nakala 200 tu. Kiwanda cha Ulaya tulichokiandikia kimejibu kwamba muda ni mrefu mno na besi yetu itarusha sindano. Mbona mtandaoni nyimbo hizohizo zinapiga vizuri? Tufanyeje bila kumaliza akiba yetu?

Jibu: Kiwanda hakijawaonea, na mshukuru kimesema mapema. Vingine hupokea faili, hushusha sauti kimyakimya, kisha mnaletewa mzigo wa sahani zinazonong'ona.

Upande mmoja wa santuri ni mfereji mmoja mrefu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati. Sauti ikipanda, mfereji unayumba zaidi, na hakuna kinachouyumbisha kama besi. Kwa hiyo dakika, ukubwa wa sauti na besi vyote vinagombea nafasi ileile. Kwa muziki wenye ngoma nzito kama wenu, upande mmoja wa sahani ya inchi 12, kwa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, unabeba vizuri dakika 18 hadi 20. Ninyi mnataka 26. Kuchongwa zitachongwa, ila ngoma zitakuwa zimepoa, na msikilizaji akiongeza sauti ataongeza na mchakacho wa sahani yenyewe.

Ushauri wangu ni mmoja na nausimamia: punguzeni nyimbo, msipunguze ngoma. Chagueni tano au sita zisizozidi dakika 38 kwa jumla, zilizobaki ziacheni mtandaoni. Mtaambiwa mtoe sahani mbili kwenye kava moja. Hiyo ni kulipia uchongaji mara mbili, kwa kundi ambalo bado halijauza hata nakala moja.

Wazee wetu wa Tanga waliishi na mipaka hiyohiyo, tena mikali zaidi. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz walisikika Afrika Mashariki nzima kwa sahani ndogo za mizunguko 45, ambazo upande mmoja hubeba takriban dakika nne tu zikiwa na sauti ya kutosha. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, unageuza sahani ndipo usikie magitaa yakichanganya. Mipango ya nyimbo ilitungwa kwa kujua sahani itaishia wapi. Mkiipata moja ya sahani hizo kwa mzee yeyote pale mjini, iinamisheni kwenye mwanga mtazame mifereji: penye sauti kubwa imeachana, penye utulivu imebanana.

Sasa besi. Sauti iliyo sawa kushoto na kulia huisukuma sindano pembeni, huku na huku. Tofauti kati ya kushoto na kulia huisukuma juu na chini. Ngoma kubwa ikitofautiana sana pande hizo mbili, mfereji unapungua kina ghafla na sindano inaruka. Programu nyingi zina vikorombwezo vya kutanua sauti, na vijana wengi wanavibandika hadi kwenye besi kwa sababu kwenye hedifoni vinapendeza. Viondoeni. Kila kilicho chini ya hezi 150 kikae katikati, yaani mono. Kujipima ni rahisi: bonyezeni kitufe cha mono kwenye miksi yenu nzima. Ngoma ikinywea au kupotea, hapo ndipo kiwanda kilipoona tatizo.

Kuna jambo la pili ambalo hamkuliuliza, nalo linaharibu santuri nyingi za waimbaji wa Kiswahili: sauti kali za juu. Lugha yetu imejaa "s", "sh" na "z", na ninyi juu yake mmeweka kayamba. Sindano hushindwa kufuata mikwaruzo hiyo, hasa kuelekea katikati ya sahani. Ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimeta 51 hivi kwa sekunde, lakini karibu na lebo kasi inashuka hadi kama 21, na sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Basi wimbo wenye kelele na maneno ya haraka uwe wa kwanza kwa kila upande, na ule mtulivu ufunge. Nyimbo zipangwe kwa kufuata umbile la sahani, hata kama mtandaoni mlizipanga vingine. Hizo "s" zilainisheni kwenye sauti ya mwimbaji peke yake, kabla ya masta, yaani faili la mwisho la wimbo uliokamilika.

Masta ya mtandaoni msiitume. Ile iliyobanwa hadi mawimbi yanaonekana kama tofali haiongezi sauti ya santuri hata kidogo, kwa sababu fundi wa kuchonga ataishusha tu. Mwambieni fundi wenu atoe limita ya mwisho, ile inayobana sauti zisipite kiwango, awape WAV ya biti 24, na MP3 isikaribie kabisa.

Kuhusu fedha, gharama kubwa iko mwanzoni. Sahani ya laka huchongwa, hupakwa madini ya fedha, kisha nikeli hujengwa juu yake kwa umeme hadi zipatikane stempa za kukandamizia plastiki. Kazi hiyo mnailipia ileile kwa nakala 100 au 500, na seti moja ya stempa hutoa nakala mia kadhaa bila shida. Ndiyo maana nakala 200 zina mantiki kuliko 100, maana nakala moja inashuka bei sana. Mkiona hata 200 ni mzigo, wako mafundi wanaochonga sahani moja moja, kila nakala kwa muda wa wimbo wenyewe. Zinafaa kwa nakala 20 au 30 za kuanzia, ingawa mchakacho huwa mwingi zaidi. Msivutwe na sahani za gramu 180: uzito hauboreshi sauti, unaongeza nauli. Chukueni gramu 140, kava jeupe, mchapishe wenyewe kwa skrini, kama fulana zinavyochapishwa, hapo Tanga. Lebo nyingi ndogo duniani zimejenga jina kwa kava za namna hiyo.

Nakala 200 zikiwa na kava na maboksi zitakaribia kilo 50. Za mashabiki wa Ulaya zibaki hukohuko kwa mtu wa kuzisambaza, mlete nyumbani zile za nyumbani tu. Hapo mtapunguza nauli na ushuru. Kiwanda kitataka pia tamko lenu kwamba muziki ni mali yenu. Kama kuna kipande mmekata kutoka taarabu ya zamani, ombeni ruhusa sasa, na kazi yenu isajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kabla ya nakala zote kukandamizwa, dai nakala za majaribio, hata kama zinaongeza gharama na muda. Zisikilizeni mwanzo hadi mwisho, kwenye mashine nzuri na kwenye ya bei rahisi, maana mashabiki wengi wana hiyo ya pili. Waya uingie kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa "phono". Tangu 1954 viwanda hufuata kanuni moja ya kupunguza besi na kuongeza sauti za juu wakati wa kuchonga, na tundu hilo ndilo linalorudisha mizani. Mkichomeka kwingine mtasikia muziki mkavu usio na ngoma, mtakilaumu kiwanda bure. Sindano ikiruka, angalieni kama inaruka palepale kwenye nakala zote. Ikiwa hivyo, kosa liko kwenye uchongaji, uchongwe upya kabla hamjatia sahihi.

Mzigo ukifika Dar es Salaam, msiutupe kwenye buti la basi la mchana. Santuri huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na buti lililoegeshwa juani linaweza kupata joto la kutosha kuzipinda. Safirisheni usiku, maboksi yakae sahani zikiwa zimesimama, na nyumbani zisilazwe wala kuegemezwa ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Unyevu wa Tanga nao huotesha ukungu kwenye kava, kwa hiyo wekeni maboksi juu ya mbao, mbali na sakafu.