Re: Mbunge anaweza kutujengea kivuko?

Ndugu yangu wa Pasua, umeuliza kama mbunge anaweza kuwajengea kivuko cha kwenye korongo, na mumwendee vipi. Anaweza kusaidia, ila msianzie kwake.

Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, lakini hela haitoki mfukoni mwake wala haigawi peke yake. Mradi unatakiwa uibuliwe na wananchi wenyewe. Kwa hiyo itisheni mkutano wa mtaa, kivuko kipitishwe pale, kiende kamati ya maendeleo ya kata, ndipo kifike juu.

Sisi huku Njoro tulikwama kwenye muhtasari wa mkutano. Mara ya kwanza tulipeleka barua nzuri sana yenye sahihi za wazee, ikarudi. Haikuwa na mhuri wa mtaa wala orodha ya mahudhurio. Masika yote watoto wakavuka viatu mkononi, iliniuma sana. Mara ya pili tuliambatanisha muhtasari na picha ya lundo la mawe na mchanga tuliochangishana. Nguvu za wananchi zikionekana hivyo, ombi linasikika.

Kama korongo linakatiza barabara ya magari ya mtaani, hiyo ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Hapo mbunge mbaneni aisemee kwenye baraza la madiwani, maana naye ni mjumbe.

Diwani wenu mmeshamwona?