Nauli ya Treni Ipande kwa Kanuni, na Viti vya Bei Nafuu Vihesabiwe

Mhariri, swali lenu la wiki hii limetuuliza wasomaji hivi: nauli ya treni ikilazimika kupanda, nani aamue ipande kwa kiasi gani, na abiria alindwe vipi? Wengi niliozungumza nao hapa Dar es Salaam wanalijibu kwa mkato kwamba isipande kabisa. Ninawaelewa, lakini sikubaliani nao. Mimi naona nauli ipande inapobidi, tena kidogo kidogo, kwa kanuni iliyoandikwa na kutangazwa kabla ya haja yenyewe kufika; na naona mdhibiti asiishie kwenye bei ya tiketi, bali afuatilie pia ni viti vingapi vinauzwa kwa bei hiyo.

Kwa wasiofahamu utaratibu uliopo, Shirika la Reli Tanzania halina ruhusa ya kuamka asubuhi na kubandika nauli mpya dirishani. Mwamuzi ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ili kushika kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa chini ya SUMATRA, mdhibiti wa zamani wa usafiri wa nchi kavu na majini. Mtoa huduma hupeleka maombi pamoja na hesabu za gharama zake, mdhibiti huzichambua, wadau huitwa kutoa maoni, na Baraza la Ushauri la Watumiaji Huduma za Usafiri Ardhini husema kwa niaba ya abiria, kisha uamuzi hutolewa na kutangazwa. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa mbele ya Baraza la Ushindani, ingawa sijapata kukutana na abiria wa kawaida anayejua kwamba mlango huo upo.

Kwa njia hiyo ndiyo tulipata nauli za treni ya SGR, yaani ya reli yetu ya kisasa, mwaka 2024, kabla haijaanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwezi Juni na Dodoma mwezi Julai. Daraja la kawaida lilipangiwa Sh69.51 kwa kila kilomita kwa mtu aliyezidi miaka 12, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 alipe nusu. Ilipokokotolewa kwa vituo, kutoka Dar es Salaam hadi Pugu ikawa Sh1,000, Morogoro Sh13,000 na Dodoma Sh31,000. Kiwango cha kilomita kina faida kubwa ambayo haisemwi vya kutosha, nayo ni kwamba mtu yeyote mwenye simu anaweza kukokotoa mwenyewe na kujua kama ametozwa sawasawa.

Kiwango hicho hakikutoka hewani. Kwa mabasi, nauli kikomo iliyoanza Desemba 2023 ilikuwa Sh48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na Sh67.84 daraja la kati, kwa hiyo safari ya barabara ya kilomita 450 hivi hadi Dodoma ilikuwa inakaribia Sh22,000 kwa basi la kawaida na kuzidi kidogo Sh30,000 kwa basi la daraja la kati. Treni iliwekwa karibu kabisa na basi la daraja la kati, huku muda wa safari ukiwa chini ya nusu ya ule wa basi. Hapo abiria alipendelewa, tuseme ukweli. Ila pana tofauti moja ya msingi. Barabarani, nauli kikomo ni dari, na chini ya dari hiyo mabasi hushindana, mpigadebe akakupunguzia elfu mbili au tatu siku ambayo gari halijajaa (mwisho wa mwaka ni habari nyingine, na wasafiri wa Moshi na Arusha wanaijua). Kwenye SGR kuna mtoa huduma mmoja, kwa hiyo dari ndiyo bei yenyewe, na atakalolikubali mdhibiti ndilo abiria atakalolipa hadi senti ya mwisho. Ndiyo maana naona udhibiti wa nauli ya treni unahitaji makini kuliko ule wa basi.

Nauli ya SGR bado ni changa, na historia ya kuipandisha ni fupi mno kutufundisha kitu. Mfano tulionao ni wa daladala. Aprili 2013 nauli ya njia fupi, ile isiyozidi kilomita 10, ilipanda kutoka Sh300 hadi Sh400. Ikakaa hapo miaka tisa. Mei 2022, bei ya mafuta ilipokuwa imepaa dunia nzima, ikawa Sh500, na Desemba 2023 ikawa Sh600. Yaani ndani ya miezi 19 nauli iliongezeka kwa nusu ya ilivyokuwa, wakati mfumuko wa bei wa taifa ulikuwa chini ya asilimia 5 kwa mwaka.

Ukiigawa nyongeza hiyo kwa miaka yote kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2023, utakuta ni kama asilimia 4 tu kwa mwaka. Hakuna ambaye angeandamana kwa asilimia 4. Lakini mama anayeishi Gongo la Mboto na kupanda daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi, ile Sh100 ya mwezi Desemba ilimwongezea Sh400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni Sh10,400 kwa mwezi, bila mwajiri wake kuwa na taarifa wala mpango wa kumwongezea chochote. Miaka tisa ya nauli kutopanda ilionekana kama huruma, kumbe deni lilikuwa linajikusanya, na waliolilipa kwa mkupuo si lazima wawe ndio waliofaidi unafuu wa mwanzo.

Najua kuna hoja dhidi yangu hapa, tena ya haki: asilimia 4 ya Sh400 ni Sh16, na kondakta wa Dar es Salaam hana chenji ya Sh50, sembuse ya Sh16. Kwa daladala nakubali. Kwa treni hoja hiyo haina nguvu, maana tiketi inakatwa kwa mfumo wa kielektroniki, na asilimia 4 ya nauli ya Dodoma ni Sh1,240, ambayo inaweza kuzungushwa hadi mia iliyo karibu bila mtu kudhulumiwa.

Uingereza wana uzoefu mrefu wa jambo hili, na unafaa kutazamwa pamoja na kasoro zake. Kwa miaka mingi, nauli zinazodhibitiwa huko England zilikuwa zikipanda mara moja kwa mwaka kwa kufuata kipimo cha mfumuko wa bei wa rejareja wa mwezi Julai, kwa hiyo mwezi Agosti abiria alianza kujua atakabiliwa na nini mwaka unaofuata. Mwenye tiketi ya msimu, ile inayolipiwa mara moja kwa safari za muda mrefu, aliweza kuinunua upya kabla ya bei mpya kuanza. Huo ndio uliokuwa uzuri wake. Ubaya ulijitokeza mwaka 2022, ambapo kipimo hicho kilifika asilimia 12.3, na serikali ikalazimika kuiweka kanuni pembeni na kuruhusu nyongeza ya asilimia 5.9 tu kuanzia Machi 2023. Machi 2024 ikawa asilimia 4.9, Machi 2025 asilimia 4.6. Kanuni isiyo na dari yake, basi, huvunjwa siku ile ile inapohitajiwa zaidi, na ikishavunjwa mara moja, kila mwaka unaofuata huwa wa majadiliano.

Tena, huko Uingereza nauli zinazodhibitiwa ni chini ya nusu ya nauli zote. Tiketi za msimu za wafanyakazi na baadhi ya tiketi za kwenda na kurudi zimo ndani ya udhibiti, lakini tiketi za kukata mapema na za daraja la kwanza zimeachwa kampuni zijipangie. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi kwetu.

Karibu zaidi na sisi ni Kenya. Tarehe 1 Januari 2024 nauli ya treni ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500 kwa daraja la kawaida, na kutoka 3,000 hadi 4,500 kwa daraja la kwanza. Sababu iliyotolewa ni gharama ya mafuta, na ni sababu inayoeleweka kwa treni inayotumia dizeli. Lakini ni asilimia 50 kwa siku moja. Chukua familia ya hapa Dar es Salaam ya baba, mama na watoto watatu, wa miaka 13, 10 na 3, inayokwenda Dodoma kusalimia wazee. Kwa nauli ya 2024 inalipa Sh108,500 kwa kwenda tu, kwa kuwa wa miaka 13 analipa ya mtu mzima, wa miaka 10 nusu, na wa miaka 3 hayumo kwenye hesabu. Ongeza nusu juu yake uone: Sh162,750, kabla ya kurudi, kabla ya chakula, na kabla ya zawadi ambayo mtoto hawezi kuingia kwa babu yake bila kuibeba. Familia hiyo itarudi kwenye basi, au itaahirisha safari.

Treni yetu inaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo bei ya dizeli haiwezi kuwa kisingizio chetu. Gharama zitakazosukuma nauli ni umeme wenyewe, mishahara, matengenezo ya njia, na vipuri vinavyonunuliwa kwa fedha za kigeni. Kanuni ninayoipendekeza ichukue mabadiliko ya bei ya umeme na mfumuko wa bei wa taifa, kila kimoja kwa uzito uliotajwa hadharani, iwe na dari ya mwaka ambayo hata gharama zikipaa haivukwi, na itangaze kiwango kipya walau miezi mitatu kabla hakijaanza. Kinachobaki juu ya dari kigharamiwe na ruzuku. Najua ruzuku inatoka pia kwa mkulima wa korosho wa Nanyumbu ambaye huenda asiione treni hii maishani mwake, na kwa sababu hiyo nataka iwe ndogo na iandikwe wazi kwenye bajeti badala ya kujificha ndani ya hasara za shirika. Kuhusu mikopo iliyojenga reli, msimamo wangu ni kwamba isiingizwe kwenye tiketi hata kidogo: njia ni mali ya taifa kama ilivyo barabara, na abiria alipie uendeshaji.

Sasa nirudi kwenye wasiwasi wangu. Tangu safari za Dodoma zianze, kumekuwa na treni ya kawaida kwa Sh31,000 na treni ya haraka kwa Sh40,000. Sina ugomvi na treni ya haraka, kwani mwenye haraka na fedha ana haki ya kuhudumiwa. Lakini tuseme siku moja ratiba inabadilishwa, treni za kawaida zinapunguzwa au zinasogezwa hadi saa ambazo mtu hawezi kuzitumia, na za haraka zinaongezwa. Nauli kwenye tangazo la mdhibiti itakuwa ile ile, Sh69.51 kwa kilomita, hakuna mkutano wa wadau utakaoitwa, hakuna gazeti litakaloandika, na bado msafiri wa kawaida atakuwa anatoa Sh9,000 zaidi kwa sababu tiketi ya bei nafuu kila akiitafuta imekwisha. Muuza nyanya wa Buguruni anaijua mbinu hii vizuri: fungu linabaki Sh500, nyanya zinapungua.

Uingereza walipodhibiti baadhi ya tiketi na kuziacha nyingine, waliwaachia watoa huduma mwanya wa namna hii. Sisi tunaweza kuuziba mapema. Pamoja na nauli ya kilomita, uamuzi wa mdhibiti utaje idadi ya chini ya viti vya daraja la kawaida, kwa bei ya kawaida, vitakavyopatikana kila siku kwa kila upande, na ueleze kuwa angalau treni moja ya asubuhi na moja ya jioni ziwe nazo. Ratiba ikitaka kubadilika kiasi cha kuvuka kiwango hicho, hiyo ihesabiwe kuwa ni ombi la kupandisha nauli na ipite njia ile ile ya maoni ya wadau.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye tiketi ila imo mfukoni. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda na ya Dodoma iko Mkonze, na abiria akishuka na mizigo yake ni bajaji au bodaboda, wakati basi lingemwacha mahali penye daladala nyingi zaidi. Mfanyabiashara mdogo wa Morogoro anayekuja Kariakoo kununua vitenge anazijumlisha zote, na kwake treni ya Sh13,000 si ya Sh13,000. Mdhibiti anayepanga nauli ya treni ndiye huyo huyo anayetoa leseni za njia za daladala, kwa hiyo hahitaji kumwomba mtu mwingine yeyote ruhusa ya kuzipeleka daladala hadi mlangoni mwa stesheni kwa saa za treni.

Mtauliza viti hivyo vya bei ya kawaida vitahesabiwa vipi na nani. Kazi imekwisha kufanywa, maana kila tiketi ya SGR inayouzwa huingia kwenye mfumo pamoja na tarehe, daraja, treni na bei yake. Mdhibiti aagize taarifa hiyo kila mwezi na kuibandika hadharani kwa Kiswahili: treni ya kawaida ilikuwa na viti vingapi, viliuzwa vingapi, viliisha saa ngapi kabla ya safari. Baraza la watumiaji likiwa na karatasi hiyo mkononi, mkutano unaofuata wa kujadili nauli utakuwa na jambo la kuzungumza zaidi ya malalamiko yetu.