Begi la abiria asiyeonekana

Wasomaji wa safu hii ni watu wanaosafiri kwa ndege, au wanaomsindikiza mtu anayesafiri. Nilikaa miaka 17 kwenye kaunta za kupokea abiria na chini ya mabawa ya ndege, na barua zenu nazijibu kwa yale niliyoyaona huko. Mwezi huu nyingi zimetoka mitaa ya Lubumbashi, hapa kwetu Kongo: Kenya, Katuba na Kampemba, na karibu zote zinalalamikia ukaguzi.

*Yaya, jambo. Nauza vitambaa kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Nilikwenda Guangzhou kuchukua mali, nikambebea mdogo wangu anayesoma kule asali ya porini, chupa ya lita moja na nusu. Kwenye kaunta valizi yangu ilizidi kilo, nikaitoa asali na kuitia kwenye begi la mkononi. Binti wa kaunta aliniona, akanyamaza. Hatua chache mbele mkaguzi akaitupa ndani ya pipa. Nilimwambia niionje mbele yake, akakataa. Hivi asali ni bomu? Na kampuni ya ndege iliyokula pesa zangu, kwa nini haikunitetea?*
— Mama wa vitambaa, Kenya

Pole, mdogo wangu. Asali ile naijua, na najua mtoto aliye mbali anavyoisubiri.

Wazo lako la kuionja si la ajabu, liliwahi kutumika. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamewakamata watu waliokuwa wakipanga kulipua ndege kadhaa zinazovuka Atlantiki, kwa vimiminika vilivyofichwa ndani ya chupa za vinywaji. Siku hiyo abiria wa London walipanda na pasipoti na pochi tu ndani ya mfuko wa plastiki, na kina mama waliobeba maziwa ya watoto waliambiwa wayaonje mbele ya mkaguzi. Lakini mtu aliyekwisha kukubali kufa haogopi kuonja chochote. Ndiyo maana baada ya miezi michache wakuu wa usalama wa anga wakaamua kupima chupa badala ya kumpima mtu: kila chupa isizidi mililita 100, na zote zienee kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, wa lita 1.

Angalia neno chupa. Chupa ya mililita 200 iliyobaki na kidogo chini haipiti, hata kama kilichomo ni kijiko kimoja. Na mkaguzi anaita kimiminika kila kitu kinachomwagika, kinachopakwa au kinachokamuliwa. Asali imo, mawese yamo, siagi ya karanga imo, pilipili ya kusaga na sombe (majani ya muhogo) iliyopikwa vimo pia. Vinkubala vikavu, wale viwavi wa kuliwa, havimo, ingawa watu wa forodha kule unakokwenda wana maswali yao mengine kabisa. Utasikia kwamba baadhi ya viwanja vya Ulaya vimenunua skana mpya na vimeanza kulegeza. Ni kweli, lakini wewe unapita uwanja mmoja, unabadilisha ndege kwenye wa pili, na kila uwanja una mkaguzi wake. Funga mzigo wako kwa kumfikiria aliye mkali kuliko wote.

Sasa yule binti wa kaunta. Yeye anatumwa na kampuni ya ndege na kazi yake ni kilo na tiketi. Mkaguzi ana bwana mwingine, anatumika chini ya sheria ya nchi. Binti hana uwezo wa kumwamuru mkaguzi hata neno moja. Ila alikuwa na mdomo, na alikuona unahamisha chupa. Kukwambia «mama, hiyo haitapita» ni sekunde tatu, nami niliwafundisha vijana wangu kwamba kunyamaza pale ni kumwibia abiria. Siku nyingine toa nguo nzito uivae mwilini, na asali iache ndani ya valizi.

Kuhusu kampuni kukutetea: kampuni hazitungi sheria hizi, nazo zinaumizwa nazo. Machi 2017 Marekani ilitangaza kwamba abiria wanaotoka viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika ya Kaskazini wasiingie ndani ya ndege na kompyuta, wala chombo chochote cha umeme kinachozidi simu kwa ukubwa. Emirates, kampuni ya ndege ya Dubai, ilikuwa inaishi kwa wafanyabiashara wanaofanya kazi hukohuko angani. Ikaanza kuwaazima kompyuta abiria wa madaraja ya juu. Mwezi uliofuata ikapunguza safari zake kwenda miji 5 ya Marekani, ikisema watu wa kukata tiketi wamepungua kwa sababu ya katazo hilo na masharti mapya ya viza. Katazo liliondolewa mwezi wa saba. Kampuni kubwa kama ile haikuweza kukataa, kwa sababu anayekataa hapewi ruhusa ya kutua. Kwa asali yako, hakuna ambaye angesimama.

*Mama, mimi ni fundi wa jenereta, nakaa Katuba. Ndege yetu ilichelewa saa 2 na dakika 40 kwa ajili ya abiria mmoja asiyeonekana. Tulikuwa tumekwisha kukaa na mikanda tumefunga. Wakafungua tumbo la ndege wakaanza kushusha mizigo yote juani. Mimi nikakosa ndege ya pili, nikalala kwenye kiti. Basi la kwenda Likasi lisingemsubiri mtu mmoja, lingekuwa limekwisha kwenda zake. Nani analipa hasara hii?*
— Fundi, Katuba

Baba, barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu mizigo ya namna hiyo nimeitafuta kwa mikono yangu.

Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India, safari namba 182, ililipuka juu ya Atlantiki karibu na Ireland. Watu 329 walikufa. Bomu lilikuwa ndani ya valizi iliyoandikishwa Vancouver na mtu ambaye hakupanda. Miaka mitatu baadaye, tarehe 21 Desemba 1988, ndege ya Pan Am ilipasuka juu ya mji mdogo wa Lockerbie, Scotland: 270 wakafa, na 11 kati yao walikuwa chini, kwenye nyumba zao. Bomu lilifichwa ndani ya redio ya kaseti, katika valizi ambayo haikuwa na mwenyewe ndani ya ndege. Pan Am, iliyokuwa na shida nyingine nyingi za pesa, ilifunga milango Desemba 1991.

Kwa hiyo sheria ni hii: abiria akikosekana, begi lake haliruki. Basi la Likasi likiwa na begi la mtu asiyejulikana, dereva atasimama kando ya barabara, mtashuka. Ndege ikiwa juu haina kando.

Nikueleze yanayotokea chini wakati ninyi mnapepea kwa magazeti. Orodha inasema 104, vichwa vilivyohesabiwa ni 103. Tunahesabu tena. Tunaita jina mara tatu. Kisha tunatoa namba ya begi, tarakimu 10 zilizo kwenye ile karatasi inayobandikwa kwenye mshikio, na vijana wanaanza kuitafuta. Kwenye ndege kubwa sana mizigo inakaa ndani ya makontena, na kama upakiaji uliandikwa vizuri unajua begi liko kontena gani. Kwenye ndege ndogo, kama Boeing 737 iliyopakiwa kwa mkono, mizigo imepangwa kama matofali. Begi likiwa nyuma kabisa, yote ya mbele lazima yashuke. Wakati huo kampuni inalipa mafuta ya injini ndogo inayowapatia hewa, na saa za marubani zinakatika, kwa maana sheria inawawekea kikomo cha saa za kazi kwa siku. Zikiisha, safari imekufa mpaka kesho, na hoteli za abiria zinaanza kuhesabiwa.

Mwezi wa kumi na mbili mmoja, mvua ikinyesha ile ya kwetu isiyokupa nafasi ya kukimbia, kwenye uwanja mmoja wa hapa nchini, nilimtafuta abiria wa aina hiyo. Tuliita kwa Kifaransa. Tuliita kwa Kiingereza. Tukashusha mizigo zaidi ya 60 kwenye maji, kadi za majina zikilowa mpaka wino unatoka. Begi tukalipata, la rangi ya kahawia, limefungwa kwa kamba ya katani. Nililibeba mwenyewe kulirudisha ndani. Pembeni ya mlango wa kutokea kwenda kwenye ndege alikuwa amekaa mzee mmoja, kadi ya kupandia ameishika kwa mikono miwili, akaniambia kwa Kiswahili: «Mwanangu, hilo begi ni langu. Mnalipeleka wapi?»

Alikuwa hapo saa zote. Alikuwa anasubiri aitwe kwa lugha anayoisikia.

Ndege ilikuwa imekwisha kufunga mlango. Nililia siku ile, na sijaacha kulisema jambo hili kila ninapopewa nafasi. Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa letu. Tangazo la kumwita abiria kwenye uwanja wa Katanga au Kivu likose Kiswahili kwa sababu gani? Ulinzi unataka kujua kila mtu yuko wapi. Basi umwite kwa namna atakayoitika. Kumwita vizuri mzee yule kungemfikisha safari yake, kungeokoa saa nzima ya ndege, na kungewaacha abiria wengine 103 wafike kwa wakati.

Nani analipa? Kwanza kampuni, kisha wewe, kupitia tiketi. Nchini Marekani wameliandika wazi: dola 5.60 kwa kila safari ya kwenda, zinakatwa kwa ajili ya ukaguzi. Kwetu watu wengi wanadhani Go-Pass, ile ada ya uwanja iliyoanza kwa dola 50 kwa safari za nje na 10 kwa za ndani, ndiyo inayolipa wakaguzi. Ilianzishwa kwa ajili ya ujenzi wa viwanja.

Kwa upande wako, baba, kila kitu kinategemea tiketi. Kama safari zako mbili zilikuwa kwenye tiketi moja, kampuni ina wajibu wa kukutafutia ndege inayofuata, na usione aibu kuomba chakula na mahali pa kulala. Kama ulinunua tiketi mbili mbalimbali ili upunguze bei, kampuni ya pili itasema hukufika tu. Omba palepale karatasi inayothibitisha kuchelewa na sababu yake. Kesho yake hakuna atakayekumbuka.

*Jambo mama. Pawabanki yangu ilitolewa ndani ya valizi na begi langu likafika limefunguliwa. Si walisema vitu vya hatari visiingie ndani pamoja na abiria?*
— Mwanafunzi, Kampemba

Mwanangu, hapa mambo yamegeuka. Chupa inaogopwa ikiwa mkononi, pawabanki inaogopwa ikiwa chini kwenye mizigo. Betri yake ya lithiamu ikiwaka moto karibu na wewe, mhudumu ataiona na kuimwagia maji. Ikiwaka kati ya masanduku, hakuna wa kuiona mapema. Ibebe mkononi kila mara. Mpaka wati-saa 100 (kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri) unapita bila shida. Kati ya 100 na 160 uombe ruhusa ya kampuni. Zaidi ya hapo iache nyumbani. Kama imeandikwa mAh 20,000 tu, ni kama wati-saa 74, iko salama. Kama maandishi yamefutika, mkaguzi ana haki ya kuichukua, nunua nyingine.

*Mama, jambo sana. Mama yangu ana miaka 71, anakwenda kumwona mjukuu Ulaya. Alivunjika nyonga, madaktari walimwekea chuma. Anafunga kitambala kichwani siku zote. Anasema kama wanaume watamshika na kumvua kitambala mbele za watu, heri asiende. Nimwambie nini?*
— Binti yake, Ruashi

Mwambie aende. Na mwambie kwamba hofu yake ni ya haki. Nimeona wamama wakivuliwa heshima kwa haraka ya mtu mmoja anayetaka foleni isogee.

Lango la ukaguzi litalia kwa sababu ya chuma, hilo halina dawa. Barua ya daktari aibebe, inasaidia kueleza, ila haimwondolei ukaguzi. Anachoweza kukiomba ni mambo matatu: akaguliwe na mwanamke, akaguliwe kwenye chumba cha pembeni, na mtu wake awe naye humo. Hayo si upendeleo. Wakaguzi waliofundishwa vizuri wanayajua, na wengi wanakubali mara moja wakiombwa kwa utulivu kabla hawajaanza. Kuomba katikati, mikono ikiwa tayari mwilini, ni vigumu zaidi.

Wakati wa kununua tiketi omba kiti cha magurudumu kutoka kwa kampuni. Ni bure, na wajulisheni angalau saa 48 kabla. Anayesukuma kiti anajua mlango wa kupita na anajua mkaguzi mwanamke yuko upande gani. Vikuku na mkufu aviweke kwenye pochi tangu nyumbani. Kitambala achague chepesi, kisicho na pini.

Kisha chukua karatasi, uandike maombi yale matatu kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa upande mmoja na kwa Kiingereza upande wa pili, na umfungie ndani ya pasipoti, mahali itakapofunguka yenyewe.