Kabati la viatu na mikoba katika nyumba ya mlimani

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Igogo, Mwanza, katika nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma umeegemea mwamba. Mwaka jana nilitengenezewa kabati la viatu na mikoba lenye milango inayofunga barabara, nikaliegemeza kwenye ukuta huo kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Masika yalipokwisha nilikuta viatu vya ngozi vimeota ukungu mweupe, na mikoba miwili inabanduka magamba. Sasa nataka kutengeneza kabati jingine mwenyewe, nikisaidiwa na mdogo wangu anayejua kushika msumeno. Tuna jozi 15 za viatu na mikoba 6. Nianzie wapi?
Msomaji wa Igogo

JIBU: Dada yetu wa Igogo, pole kwa hasara hiyo. Kabla ya kununua hata msumari mmoja, chagua upya mahali pa kuliweka. Maji ya mvua yanayoteremka mlimani hupenya kati ya mwamba na nyumba, ukuta ukabaki baridi na wenye unyevu hata siku ambazo mvua haikunyesha. Na kabati lililofungwa kila upande huuhifadhi unyevu huo pamoja na jasho la viatu vilivyovuliwa jioni. Liweke kwenye ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba, na hata hapo liache sentimita 5 kutoka ukutani.

Vipimo vinavyotosha vitu vyenu ni kimo cha sentimita 180, upana 90 na kina 35. Nunua plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8, yenye unene wa milimita 18, uombe ipasuliwe kwa mashine katika vipande vitatu virefu vyenye upana wa sentimita 35. Viwili vikatwe kwa urefu wa sentimita 180 viwe mbavu za kabati. Cha tatu kitoe paa na sakafu, kila kimoja sentimita 86.4, kwa sababu vitakaa katikati ya mbavu hizo. Sakafu ifungwe sentimita 10 juu ya ardhi, ili ufagio na hewa vipite chini yake.

Rafu usizifanye za ubao mzima. Zitengeneze kwa papi za paina za inchi 1 kwa 2, tano kwa kila rafu, zikiachana kwa sentimita 2, ili hewa ipande kutoka chini hadi juu na mchanga wa viatu udondoke badala ya kujikusanya. Papi 7 za futi 12 zinatosha rafu zote tano, na utaongeza chache kwa ajili ya vishikizo vya pembeni na fremu ya mlango. Sehemu nne za chini ziwe na kimo cha sentimita 20, kila moja ikibeba jozi nne, au tatu zikiwa za kiume. Mbili za juu ziwe na sentimita 35 kwa ajili ya mikoba. Isimamishe mikoba ukiwa umeijaza vitambaa vikavu, wala usiining'inize, kwa sababu uzito huvuta mikanda na kuipotosha. Magazeti siyapendekezi, maana wino wake huchafua bitana.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni ukavu wa mbao zenyewe. Papi mbichi ni nzito na hupoza kiganja unapozishika. Ukizifunga hivyo zitapinda baada ya wiki chache. Zipange kivulini kwa wiki tatu, ukizitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite katikati. Paina hupasuka upesi, kwa hiyo toboa tundu dogo kabla ya kuingiza skrubu, na upake gundi ya mbao kwenye kila maungio. Ukishapiga msasa, paka vanishi mara mbili, na ncha zilizokatwa uzipake mara tatu, kwa sababu mbao hunywa maji zaidi kupitia hapo. Acha harufu iishe kabisa kabla ya kupanga vitu.

Mgongo na mlango viwe fremu za papi zilizowambwa wavu wa madirishani, unaopitisha hewa na kuzuia mende. Mlangoni ongeza pazia jepesi la pamba ili jua lisichujue rangi za mikoba. Kabati refu lenye kina kifupi huanguka kwa urahisi mtoto akilipanda, kwa hiyo nakusihi ulifunge ukutani kwa skrubu na plagi za plastiki za kuzishikia, ukiweka kipande cha mbao cha sentimita 5 katikati.

Viatu vyenye ukungu vifutie nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukijaribu kwanza sehemu isiyoonekana, na uvikaushe kivulini. Mikoba inayobanduka magamba, kwa bahati mbaya, ni ya ngozi bandia ambayo utando wake wa plastiki umevunjwa na unyevu na umri, na hakuna dawa itakayoirudisha. Usiihifadhi pamoja na mingine, kwa kuwa magamba yake hunata.

SWALI: Je, badala ya plaiwudi naweza kutumia MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ambayo ni laini na hupakika rangi vizuri?
Msomaji wa Nyegezi

JIBU: Kwa kabati la vitabu ningekubali. Kwa viatu vinavyoingia na maji ya mvua, hapana: MDF ya kawaida ikilowa ukingoni huvimba, na hata ikikauka hairudi unene wake wa awali, wala skrubu hazishiki tena.